Watoto Wetu na Vyakula vya Barabarani Ugenini

Kila skuli zinapofungwa, bandari zetu za Malindi, Wete na Mkoani hujaa wazazi wenye mizigo na watoto. Wengine huvuka hadi Tanga na kushika njia ya Horohoro kwenda Mombasa kuwaona jamaa. Wengine huruka kwenda Maskati, au kwenda Makka kwa ajili ya Umra, na siku hizi si jambo geni kumuona mtu akienda Umra na watoto wake wote. Tena wapo wenzetu ambao safari yao haina furaha, nao ni wale wanaokwenda India, Chennai au Mumbai, kwa matibabu, ambao huchukua mtoto mgonjwa na pengine hulazimika kumchukua na mdogo wake anayenyonya, kwa kuwa hakuna wa kumuachia.

Wote hao, wawe matajiri au wanyonge, hukutana na jambo moja siku ya kwanza tu ya safari: mtoto ana njaa, mbele yao kuna karai la mafuta au gari la matunda, na mama hajui aseme ndiyo au aseme hapana. Watakuwapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, halistahili kuandikwa katika safu hii, ambayo kazi yake ni mambo ya Chama, Serikali na maendeleo ya wananchi. Sisi hatukubaliani nao. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kila mwaka watu milioni 600 huugua kwa sababu ya chakula kichafu, na kwamba 420,000 hufa, na katika waliokufa hao 125,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto hao ni chini ya mmoja katika kila watu kumi duniani, lakini katika vifo hivyo fungu lao ni karibu thuluthi moja. Jambo linaloua watoto kwa kiasi hicho haliwezi kuwa dogo.

Kuhusu suala hili tumezisikia kauli mbili katika mabaraza yetu, na zote mbili zina kasoro.

Kauli ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba watoto wa pwani wana matumbo ya chuma, wamekula urojo na maembe ya pilipili tangu wakitambaa, basi hapana ugeni utakaowadhuru. Maneno haya ni ya kujifariji. Ni kweli kwamba mtu aliyekulia mahali huzoea vijidudu vingi vya mahali pale, lakini mazoea hayo hayasafiri naye kwa kila mdudu na kwa kila mji. Homa ya matumbo ya India haimuulizi mtoto kama alizaliwa Chake Chake.

Kauli ya pili inatoka kwa wale wanaojiona wameelimika. Hao hupiga marufuku kila kinachopikwa nje, wakasema mtoto asile ila hotelini, penye kitambaa cheupe mezani na mtumishi aliyevaa tai. Sisi tunaiita hiyo kasumba, na tunasema hivyo bila ya kuona haya. Tangu zama za ukoloni tulifundishwa kwamba usafi ni sura ya mahali na cheo cha mwenye mahali, na kwamba mama anayechoma mihogo kando ya njia ni hatari kwa afya ilhali jiko la mkahawa mkubwa, ambalo hakuna mteja anayeliona, ni salama. Kijidudu hakijui vyeo. Kinachokiua ni moto, na kinachokizalisha ni muda, uvuguvugu na maji machafu. Hamri lililotolewa sasa hivi katika mafuta yanayochemka, likatiwa katika karatasi safi na kuliwa bado la moto, ni salama kuliko sahani ya saladi, nyama baridi na keki ya krimu iliyopangwa katika ukumbi wa hoteli tangu asubuhi na kupitiwa na mikono mia.

Ushahidi upo. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mjini Riyadh makumi ya watu walidhurika kwa sumu ya botulinamu, na mmoja akafariki. Chanzo kilionekana kuwa ni mayonezi iliyouzwa katika mkahawa wa kisasa wenye matawi mengi, si karai la barabarani. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 Serikali ya jimbo la Tamil Nadu, ambalo mji wake mkuu ndio Chennai wanakokwenda wagonjwa wetu, ilipiga marufuku kwa mwaka mmoja utengenezaji na uuzaji wa mayonezi ya mayai mabichi. Mzazi aliyeko Maskati, Makka au Chennai, akimnunulia mwanawe shawarma, na autazame ule mchuzi mweupe kabla ya kuitazama nyama. Nyama imezunguka motoni, lakini mchuzi huenda umekaa juani tangu adhuhuri.

Katika jambo hili tunao mfano mkongwe, tuliousoma sote chuoni tukiwa wadogo. Katika Sura ya Al-Kahf, wale vijana walipozinduka katika usingizi wao mrefu na kumtuma mmoja wao mjini na fedha, hawakumuagiza alete chochote atakachokikuta. Walimtaka kwanza aangalie ni chakula gani kilicho safi zaidi. Walikuwa wageni, walikuwa na njaa na walikuwa na hofu, juu ya hayo hawakuacha kuangalia. Wanavyuoni wana maelezo yao kuhusu usafi uliokusudiwa pale, na sisi hatutaki kuingia katika kazi yao. Tunachukua adabu ya safari tu: mgeni haachi kula, wala hali ovyo, bali huangalia.

Basi aangalie nini? Aangalie moto kwanza. Chakula kilichopikwa mpaka ndani kikafika digrii 70 za sentigredi huwa vijidudu vyake karibu vyote vimekufa, lakini hesabu ya muda huanza tena pale kinapotolewa jikoni. Wataalamu wanataka chakula kikae ama juu ya digrii 60 ama chini ya 5, na baina ya hapo ndipo vijidudu vinapozaana. Mzazi hana kipimajoto mfukoni. Ana macho na mkono, na hivyo vinamtosha ikiwa atavitumia: je, chakula kinapikwa mbele yangu, au kimepikwa zamani na sasa kinapashwa tu? Je, kinatoa moshi? Je, wateja ni wengi, hata sinia haipati kulala? Penye foleni ya wenyeji waliokuja na watoto wao, chakula hakikai. Asiwe wa kwanza kununua katika kibanda ambacho wenyeji wanakipita bila ya kukitazama.

Hapa tuwaelekee hasa wale wanaokwenda India, kwa sababu safari yao ni ndefu na huenda wakakaa wiki nyingi, na mtoto mgonjwa ana nguvu chache za kupambana na ugonjwa mwingine. Chennai ni mji wenye chakula kizuri sana kwa watoto, tena cha bei ndogo. Iko idli, yaani mkate mdogo mweupe wa mchele na choroko nyeupe uliotiwa chachu na kupikwa kwa mvuke, laini kiasi cha kuliwa na mtoto asiye na meno. Iko dosa, ambayo humiminwa katika chuma cha moto mbele ya macho ya mnunuzi, na mtu wa kwetu akiiona atakumbuka mkate wa kumimina. Vyote viwili vikiwa vya moto havina wasiwasi mkubwa. Wasiwasi upo katika vibakuli vinavyofuatana navyo. Chatini ya nazi haikupikwa. Imesagwa na maji, na maji hayo hatujui yametoka wapi wala chatini ile imekaa kwa saa ngapi. Mtoto apewe idli yake na mchuzi wa dengu unaochemka, chatini iachwe. Ni hivyo hivyo kwa chatini zetu wenyewe, ingawa tunajua kwamba neno hili halitawapendeza wengi.

Mumbai ni habari nyingine. Huko mtoto atavutwa na kitu kiitwacho pani puri, nacho ni kijipuri kikavu chenye uwazi ndani, ambacho muuzaji hukitoboa kwa kidole, akakitia mbatata na dengu, kisha akakizamisha pamoja na mkono wake katika chombo cha maji baridi ya nanaa na ukwaju, na kukikabidhi. Ni kitamu, hatubishi, na wenyeji hukila kwa mamilioni. Lakini mzazi na ayahesabu mambo yaliyokutana katika tonge moja: maji yasiyochemshwa, majani mabichi, mkono mmoja kwa wateja wote, na hakuna moto hata kidogo baada ya kutiwa maji. Kando yake huenda yupo muuzaji wa vada pav, ambayo ni kachori ya mbatata iliyotoka mafutani na kutiwa ndani ya mkate. Mtaa ni ule ule, vumbi ni lile lile na muuzaji ni fukara yule yule, ila hatari si moja. Ndiyo maana tunasema kwamba anayeuliza kama chakula cha barabarani ni salama ameuliza swali lisilo na jibu. Kila chakula kina swali lake.

Kwa wanaokwenda Mombasa tutasema machache, kwa kuwa mapishi yale ni yetu. Viazi karai, mbaazi na mahamri, mihogo ya kukaanga pale ufukweni kwenye bustani ya Mama Ngina, vyote ni chakula cha moto. Hatari ni ukwaju uliozimuliwa kwa maji ya ndoo, kachumbari, na maembe yaliyokatwa mapema yakawa yananyunyiziwa maji ili yang'are. Tunda jema kwa msafiri ni lile analolimenya mwenyewe: ndizi, chungwa, danzi. Dafu likikatwa mbele yako kwa panga safi na kunywewa ndani ya kifuu chake halina shaka. Likimiminwa katika gilasi iliyosuuzwa kwenye ndoo, faida yote ya dafu imepotea.

Baada ya moto ni maji, na katika maji wazazi wetu huteleza penye barafu. Mama atakataa katakata maji ya bomba, atanunua chupa, ataikagua kama kizibo chake hakijafunguliwa, kisha atamnunulia mtoto juisi ya miwa yenye mabonge matatu ya barafu. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Barafu ni maji yale yale, tena huenda yamevunjwa kwa nyundo juu ya sakafu na kufunikwa kwa gunia. Wako pia wanaoamini kwamba ndimu itatosha. Ni kweli kwamba ukali wa ndimu humdhoofisha mdudu wa kipindupindu, lakini matone mawili katika gilasi si dawa. Nyumba nyingi za wageni zilizo karibu na spitali za India huwa na birika la umeme. Mzazi achemshe maji usiku, yapoe, yatiwe katika chupa ya mtoto iliyooshwa kwa maji ya moto, na kesho aondoke nayo. Asipoweza kuchemsha, vidonge vya klorini vya kutakasia maji vinauzwa hapa petu, na pakiti nzima haijazi hata kiganja.

Mikono tuitaje mara moja tu, kwa kuwa dini yetu imetufundisha kabla ya daktari. Ila mtoto wa miaka mitatu ameshika vyuma vya basi, sakafu ya uwanja wa ndege na viatu vya watu msikitini, na mama hana maji karibu. Kipande cha sabuni na chupa ndogo ya maji ndani ya mkoba ni bora kuliko kumkemea mtoto.

Lipo jambo moja ambalo sisi watu wa visiwani tunapaswa kulisema kwa sauti, kwa kuwa vitabu vya wasafiri vinavyoandikwa na watu wa bara hulipita haraka. Moto ambao tumeusifu mpaka hapa una mpaka wake. Ziko sumu ambazo haziondoki kwa kupikwa. Mwezi wa Machi mwaka 2024 katika Kisiwa Panza, kule Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki, na watu 78 wakalazwa spitali, baada ya kula nyama ya kasa. Nyama ile ilikuwa imepikwa. Sumu inayoweza kuwamo ndani ya kasa haitoki kwa kuchemshwa, na waliokufa wengi walikuwa watoto, kwa sababu kiwili kidogo hushindwa upesi. Mkasa ule ulitokea nyumbani, lakini kasa huliwa pia katika pwani nyingine za Bahari ya Hindi, na mgeni hukaribishwa. Mzazi akatae. Kukataa huko si kumvunjia heshima mwenyeji.

Kwa samaki wa kawaida jambo ni jepesi kidogo, ila linataka kujulikana. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani baada ya kuvuliwa huzalisha ndani ya minofu yao kitu kiitwacho histamini, ambacho moto haukiondoi. Mlaji huona ulimi unawasha kama pilipili, na kabla ya saa moja kwisha uso humuwiva, kichwa humgonga na mwili humtoka vipele. Wengi hudhani ni mzio wa samaki na humkataza mtoto samaki maisha yake yote, kumbe aliyekosa ni mwenye samaki ambaye hakuwa na barafu. Basi katika soko la ugenini, mishkaki ya samaki isinunuliwe kwa kutazama makaa tu. Itazamwe na sinia ya samaki wabichi iliyoko nyuma ya makaa: je, iko ndani ya barafu, au iko juani na nzi? Wali nao una tabia inayofanana na hiyo. Wali ulioachwa ukapoa taratibu tangu usiku huota kijidudu ambacho sumu yake haifi kwa kupashwa moto. Sufuria kubwa la biriani la mchana, linalouzwa bado usiku likiwa vuguvugu, lipishwe njia.

Kwa watoto wachanga hatuna maneno mengi. Anayenyonya aendelee kunyonya, na wa chini ya miezi sita asipewe kitu kingine, hata maji, kwa kisingizio cha joto la Maskati. Katika safari yote hakuna chakula kilicho safi kuliko kile, na hakihitaji birika wala chupa. Wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, hata ikiwa ya nyuki wa Yemen iliyonunuliwa kwa bei ya kutisha, kwa sababu huenda ikawa na mbegu za kijidudu cha botulinamu ambazo tumbo la mtoto huyo haliwezi kuzizuia. Tunajua kwamba neno hili linagusa desturi za nyumba nyingi. Tende haijakatazwa kwa sababu hiyo, na wakunga wetu wanaweza kueleza namna ya kuihifadhi desturi bila ya asali.

Juu ya tahadhari zote mtoto anaweza kuharisha. Hapo ndipo watu hupoteza akili, wakakimbilia duka la dawa na kununua vidonge vya kufunga tumbo ambavyo havifai kwa mtoto mdogo, au dawa za kuulia vijidudu ambazo hakuandikiwa na mtu yeyote. Kinachomuua mtoto anayeharisha, mara nyingi, ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini, na dawa yake imo katika pakiti ya chumvichumvi ya kurudishia maji mwilini, ile ambayo spitalini huitwa O.R.S. Dawa hii ina historia ambayo inafaa watu wetu waijue. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, mpakani mwa India. Maji ya kutundikwa yakaisha. Daktari kijana wa India, Dilip Mahalanabis, akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye sukari ya glukosi na chumvi, yakigaiwa na jamaa zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Daktari huyo alifariki mwaka 2022, na maisha ya watoto yaliyookolewa kwa njia ile yanahesabiwa kwa mamilioni. Njia hiyo ilithibitishwa katika kambi ya mafukara, kwa mikono ya mama na dada, bila ya mashine yoyote ya nchi tajiri.

Mzazi anayesafiri achukue pakiti zisizopungua sita. Pakiti moja hukorogwa katika lita moja ya maji salama, haikorogwi nusu, wala haitiwi maji pungufu ili iwe kali. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa robo kikombe mpaka nusu kila baada ya kuharisha, na mkubwa kidogo nusu kikombe mpaka kikombe kizima, kwa kijiko kijiko, na akitapika hungojewa dakika kumi kisha huanzwa tena. Pakiti zikikosekana kabisa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kupangusa si vya kurundika, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa, vitamfikisha kwa daktari. Vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14 humsaidia kupona na kutorudiwa upesi. Chakula asinyimwe. Lakini macho yakibonyea, utosi wa mchanga ukididimia, akilia pasi na machozi, akipitisha saa sita bila ya kukojoa, au kinyesi kikawa na damu, hapo hakuna tena mashauri ya nyumbani. Apelekwe spitali usiku ule ule, hata kama fedha ni za nauli ya kurudia.

Sasa tugeuke kwa wenzetu wa Serikali, kwa kuwa haitakuwa haki kumtwika mama peke yake mzigo wote huu. Mwaka 2016, kipindupindu kilichoanza kuvitesa visiwa vyetu mwaka mmoja kabla kilipopamba moto, skuli zilifungwa na uuzaji wa vyakula na vinywaji vya barabarani ukapigwa marufuku. Hatusemi kwamba amri ile haikuwa ya lazima, moto ukiwaka hauulizwi chanzo. Ila marufuku haijengi bomba. Muuzaji aliyefukuzwa pamoja na ndoo yake moja alirudi baadaye na ndoo ile ile. Singapore, ambayo ni kisiwa kama sisi, ilikuwa na wachuuzi wa vyakula waliojaa katika mitaa na mifereji. Baina ya mwaka 1971 na 1986 Serikali yake iliwahamishia katika masoko maalumu yenye maji ya bomba, umeme, mifereji na mahali pa taka, na mwaka 1997 ikaanzisha utaratibu wa kuvipa vibanda alama za usafi zinazoonekana na mteja. Mwaka 2020 UNESCO iliutambua utamaduni huo wa wachuuzi kuwa urithi wa binadamu. India yenyewe ilipitisha mwaka 2014 sheria ya kulinda riziki ya wachuuzi wa barabarani, na mwaka 2018 eneo la ziwa Kankaria mjini Ahmedabad likawa la kwanza nchini humo kutambuliwa rasmi kuwa kituo cha chakula safi cha barabarani, baada ya wauzaji kufunzwa na kukaguliwa.

Sisi tunayo Forodhani, ambayo ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na tunao mpango wa kukitokomeza kipindupindu visiwani ifikapo mwaka 2027. Tunawauliza wahusika, kwa heshima na kwa uwazi: je, katika kila mahali panapouzwa chakula jioni, kuanzia Darajani hadi Tibirinzi, muuzaji anayetaka kunawa mikono ana bomba la kuliendea? Kama hana, mkaguzi anayemtoza faini anakagua umasikini, hakagui usafi.

Liko na dogo, lisilohitaji bajeti kubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa Tanzania Bara kwa redio, na wananchi wakajikusanya katika vikundi mitaani na vijijini, wakasikiliza, wakajadiliana na wakachimba vyoo. Hatuoni kwa nini leo abiria akae saa kadhaa ndani ya boti akitazama sinema za kupigana, na asisikie hata dakika tano juu ya maji, barafu na O.R.S. Vile vile mgonjwa anayepelekwa India kwa gharama za Serikali hupewa barua, tiketi na anwani ya spitali. Bahasha hiyo inaweza kubeba pia pakiti za O.R.S. na karatasi moja kwa Kiswahili chepesi, inayosema nini mtoto ale na nini aache, na mtu wa kumpigia simu ni nani. Chanjo ya homa ya matumbo ya aina mpya, ambayo Shirika la Afya Duniani liliithibitisha mwishoni mwa mwaka 2017, inaweza kutolewa kwa mtoto tangu akiwa na miezi sita, na inapasa ichomwe kiasi cha wiki mbili kabla ya safari. Kwa hiyo mzazi anapaswa kuambiwa habari zake siku anapojaza fomu, si siku anapopanda ndege.

Wala tusiwasahau watoto wanaokuja upande huu. Kila mwezi wa Julai na wa Disemba wajukuu wetu huja kutoka Uingereza, Uswidi na Kanada, nao majina yao ni yetu, ila matumbo yao ni ya huko walikozaliwa. Madaktari wa nchi hizo wanajua vyema kwamba anayerudi kuwatembelea jamaa huugua homa ya matumbo zaidi kuliko mtalii, kwa sababu mtalii anaogopa na yeye anajiona yuko kwao. Bibi humvuta mjukuu kwa mapenzi, akampa maji ya mtungini, akamnunulia na juisi ya barafu pale njiani, na mama wa mtoto akikataa huambiwa kwamba amekuwa Mzungu. Mama huyo hajakosa adabu. Bibi na amchemshie maji mjukuu wake siku moja kabla hajafika, na siku wanapokwenda Forodhani amkamatishe urojo unaotoa moshi, na chatini iwekwe kando katika kibakuli chake.